Chui milia na watoto wa nguruwe: nani anafaidika wanyama wasiofanana wakiwekwa pamoja?

Picha hiyo huenda imeshakufikia. Chui milia jike amejilaza ubavu, na tumboni kwake wamejipanga watoto wa nguruwe waliovishwa vijikoti vya mistari ya njano na nyeusi. Maelezo yake hayabadiliki mwaka hadi mwaka: mama huyu wa huko California alifiwa na wanawe, akazama kwenye huzuni, madaktari wakahangaika, mwisho wakamletea yatima wa nguruwe waliovalishwa ngozi ya chui ili roho yake itulie. Kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo hapa Dar huletwa alfajiri na shangazi fulani, hupokewa kwa "amina" kadhaa, kisha mweka hazina anakumbushia michango ya sendofu.

Picha ni ya kweli, ila hadithi imetungwa. Haikupigwa California na hapakuwa na msiba. Ni ya Sriracha Tiger Zoo, mkoani Chonburi, Thailand, ambako kuchanganya nguruwe na chui milia kulikuwa sehemu ya maonesho. Nguruwe jike alinyonyesha watoto wa chui, na chui jike aliyewahi kulelewa na nguruwe akawekewa vitoto vya nguruwe, huku wageni waliolipa kiingilio wakitazama. Vijikoti vilikuwa kwa ajili yetu. Mnyama anayewajua wanawe kwa harufu hadanganyiki na kitambaa.

Tukiona wawili wasiofanana wamelala pamoja, tunasema wamependana na mjadala umekwisha. Ukichunguza jozi zilizopata umaarufu duniani, utakuta ndani yake mambo yasiyo na undugu wowote: kuna waliokuzwa pamoja tangu wachanga, kuna mwenye hofu aliyetafutiwa wa kumtuliza, kuna wanaoishi pamoja hata porini, na kuna mla nyama ambaye siku hiyo alikuwa ameshiba tu. Baadhi ya jozi hizo zinamfaa mnyama. Nyingine zinamfaa mkata tiketi peke yake, na kwa macho ya mgeni aliyesimama nje ya uzio zote zinaonekana sawa.

Biashara yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 19 kulikuwa na watu London waliosukuma barabarani kizimba walichokiita "Familia yenye Furaha". Ndani yake paka, panya, bundi na ndege wadogo waliishi pamoja, na wapita njia wakatupia senti. Kule New York, P.T. Barnum akaweka kizimba cha namna hiyo katika jumba lake la maonesho, lile lililoteketea kwa moto mwaka 1865. Uchawi haukuwepo. Wanyama walichukuliwa wakiwa wadogo, wakazoeshwana, wakalishwa kabla njaa haijawakumbusha wao ni nani.

Kisha akaja Mjerumani Carl Hagenbeck na hila ya kistaarabu zaidi. Mwaka 1907 alifungua bustani ya wanyama huko Stellingen, Hamburg, isiyo na vyuma vya kizimba. Mgeni alisimama sehemu moja akaona bwawa la ndege mbele, nyuma yake wala majani, nyuma yao simba, na juu ya mawe mbuzi wa milimani, wote kama wako kwenye mbuga moja. Kati yao kulikuwa na mahandaki yaliyofichwa. Hagenbeck alikuwa amewapima wanyama wake kwanza, ajue simba anaruka umbali gani na kwenda juu kiasi gani, ndipo akachimba. Amani ya Stellingen ilikuwa hesabu ya shimo. (Ni huyohuyo aliyewaweka binadamu kwenye maonesho, Wasami wa kaskazini mwa Ulaya na Wanubi miongoni mwao, wakitazamwa kwa kiingilio. Alijua vizuri kupanga kinachotazamwa.) Bustani nyingi za leo bado zinatumia mbinu yake, kwa hiyo ukiona simba na pundamilia ndani ya picha moja ya ughaibuni, tafuta handaki kabla ya kutafuta miujiza.

Bado lipo swali gumu zaidi: pale ambapo handaki halipo, kwa nini hawaumani?

Jibu la kwanza ni umri. Mwaka 1930 mwanasayansi wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alichapisha majaribio yake juu ya paka na panya. Kundi la kwanza lilikuwa la vitoto 21 vya paka waliokua wakiona panya akiuawa, na 18 kati yao wakawa wauaji. Kundi la pili, vitoto 20, walilelewa peke yao, na 9 wakaua. Kundi la tatu, vitoto 18, walilelewa pamoja na panya tangu mwanzo, na ni 3 tu waliokuja kuua, tena panya wa aina nyingine, si wa aina waliyokua nayo. Uwindaji, ambao tunadhani paka huzaliwa nao umekamilika, kumbe sehemu yake kubwa hufunzwa, na unaweza kuzuiwa na ujirani wa mapema. Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionesha jambo la karibu na hilo kwa bata bukini: kifaranga akimwona binadamu kwanza baada ya kuanguliwa, humfuata yeye kama mama. Dirisha hilo la utotoni hufunguka kwa muda mfupi. Ndiyo maana karibu kila jozi ya kushangaza inayotangazwa na bustani imeanzia kwenye chupa ya maziwa, watoto wawili chumba kimoja, mama zao wakiwa mbali. Mtu akikuonesha mtoto wa simba na mtoto wa mbwa wanacheza, kabla ya kusema "jamani!" jiulize mama wa simba huyo yuko wapi, na nani alimtenga na mwanawe.

Jibu la pili ni shibe, na hapa kisa cha Urusi kinaeleza kuliko nadharia. Novemba 2015, katika bustani ya Primorsky Safari Park karibu na Vladivostok, beberu aliingizwa kwenye eneo la chui milia aitwaye Amur. Hakuingizwa kuwa rafiki. Alikuwa chakula, kwa kuwa bustani ile ilimpa Amur mawindo hai mara kwa mara. Beberu hakukimbia. Akajitwalia banda alilokuwa analalia chui, na Amur akahamia juu ya paa. Wafanyakazi wakampa beberu jina la Timur, kamera zikafungwa, habari ikazunguka dunia na wageni wakamiminika.

Mwindaji wa jamii ya paka huamshwa sana na kinachokimbia. Asiyekimbia anamchanganya. Ongeza kwamba Amur alikuwa analishwa vizuri na hakuwa na sababu ya kuhatarisha jicho kwa pembe za beberu mkorofi. Hapo una wiki kadhaa za amani ambazo hazihitaji kuelezwa kwa mapenzi. Ilipofika mwishoni mwa Januari 2016, Timur alikuwa amezidi kumchokoza. Amur akamkamata shingoni, akamtupa chini ya kilima. Wakatenganishwa, beberu akatibiwa hadi Moscow, lakini hakurudia hali yake ya awali. Alikufa Novemba 2019. Kwa maoni yangu kosa halikuwa la chui hata kidogo. Yeye alivumilia kuliko binadamu wengi ambavyo wangevumilia. Walioona idadi ya wageni ikipanda na wakaacha wawili hao waendelee kulala eneo moja ndio wenye maswali ya kujibu.

Jozi ya kwetu Afrika Mashariki ina sura nyingine. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilivuka Bahari ya Hindi na kuchukua hata waogeleaji wa hapa Dar es Salaam, na kesho yake mtoto wa kiboko alikutwa amekwama baharini karibu na Malindi, mbali na kundi lake la Mto Sabaki. Wavuvi na wakazi wakapambana naye hadi wakamtoa, wakampa jina Owen, na kumpeleka Haller Park, Bamburi, Mombasa. Alipofunguliwa kwenye gari alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa wakati huo kuwa na miaka 130. Ni jamii ya wale kobe wanaotambaa kisiwani Changuu, Zanzibar, ambao wazee wao wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Sehemu ambayo wasimulizi huiruka ni kwamba Mzee hakufurahi. Alimkoromea na kumkimbia, kwa mwendo wa kobe lakini alimkimbia. Owen akaendelea kumfuata, maana mtoto wa kiboko anahitaji mgongo mkubwa wa mviringo wa kujibanza, na katika uwanja ule mgongo uliokaribia wa mama yake ulikuwa wa kobe. Siku zikapita, Mzee akazoea, wakaanza kula pamoja, kulala pamoja, hata kusukumana miguuni kuashiria twende huku. Watalii walifurika. Lakini wahifadhi wa pale walikuwa wanaona mambo mawili ambayo mtalii hayaoni kwenye kamera. La kwanza, Owen alikuwa anajifunza kuishi kama kobe. La pili, kiboko hukua hadi kuwa na tani na ushee, na kobe wa miaka 130 hana breki za kumzuia. Mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo. Bustani ilikuwa na kivutio kilichoijulisha dunia nzima, ikakitenganisha. Nikitafuta mfano wa uamuzi uliomtanguliza mnyama, huo ndio naushika.

Ziko pia jozi zilizobuniwa kwa makusudi na wataalamu, na maarufu kuliko zote ni duma na mbwa. Duma ni mwoga. Porini maisha yake ni kukimbia: anakimbiza swala, kisha anakimbia simba na fisi wanaokuja kumpora. Ukimfunga, hofu hiyo haina pa kwenda, na kumzalisha ni kazi ngumu ajabu. Inasimuliwa kuwa Akbar, mfalme wa Wamogoli wa India, alifuga maelfu ya duma wa kuwindia katika maisha yake na akapata uzao mmoja tu. Baada ya hapo dunia ilisubiri hadi mwaka 1956, kule Philadelphia, kuona duma wengine wakizaliwa kifungoni. Tena duma jike akizaa mtoto mmoja pekee, mara nyingi maziwa hukauka na mtoto huachwa.

San Diego Zoo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kumpa duma mdogo wa namna hiyo mbwa wa kukua naye. Wa kwanza aliitwa Arusha, na mbwa wake Anna. Duma humsoma mbwa. Mlango ukigonga, mbwa asiposhtuka, duma naye hashtuki. Bustani nyingine za Marekani zikaiga, ikiwemo ya Cincinnati. Inafanya kazi kweli, ila usidanganyike kwamba ni malaika wawili: hula mbalimbali, kwa sababu mbwa ndiye bwana mkubwa kwenye chakula na angemaliza cha mwenzake. Na duma wanaopewa mbwa kwa kawaida ni wale wa kupelekwa mbele ya watu, shuleni na jukwaani. Mbwa anamtuliza duma kwenye mazingira ambayo sisi ndio tumempeleka. Naiona kama dawa nzuri ya ugonjwa tuliousababisha.

Mbwa huyo lazima awe amechanjwa chanjo zote, na Mtanzania hahitaji kuelezwa sana kwa nini. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, kama simba 1,000. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Magonjwa ndiyo gharama isiyoonekana ya kuchanganya wanyama, na mara nyingi muuaji ni yule anayeonekana mpole. Mfugaji wa Kimasai wa Ngorongoro anajua tangu babu yake kwamba nyumbu wakizaa, ng'ombe wanahamishwa. Ndama wa nyumbu hueneza kirusi kisichomdhuru yeye wala mama yake, lakini ng'ombe akikipata hafiki mbali. Bustani iliyoweka nyumbu karibu na jamii nyingine za ng'ombe au kulungu inacheza na jambo hilohilo. Kima wadogo wa Amerika ya Kusini aina ya saimiri hubeba kirusi wanachoishi nacho bila shida, na kima wa jamii za jirani wakikipata hupata saratani. Hata uzio hautoshi siku zote. Mwaka 2010 dubu mweupe aitwaye Jerka alikufa katika bustani ya Wuppertal, Ujerumani, na walipochunguza walikuta kirusi chenye asili ya pundamilia, ingawa hakuwahi kukaa nao zizi moja.

Hayo hayamaanishi kila mnyama akae peke yake. Serengeti yenyewe haiishi hivyo. Pundamilia hutangulia kukata majani marefu, nyumbu hufuata, swala tomi huja kumalizia machipukizi. Nyani hukaa juu ya mti na swala pala chini yake, mwenye macho akiona hatari wote wanapata habari. Bustani inayoiga mpangilio huo inampa mnyama kitu ambacho zizi tupu halimpi: shughuli. Pairi Daiza ya Ubelgiji ilipitisha kijito cha fisi maji katikati ya eneo la orangutani, sokwe wekundu wa Asia, na familia ya Ujian, Sari na mtoto wao Berani ikapata majirani wa kuchungulia na kucheza nao. Picha zake za mwaka 2020 zilipendwa kila mahali. Jozi hiyo inaonekana ya ajabu, lakini visiwani Borneo na Sumatra, kwao orangutani, wote wawili wapo.

Ufundi wake umo kwenye mambo yasiyopigwa picha. Fisi maji anaweza kupiga mbizi akapotea. Orangutani hawezi kumfuata. Katika mazizi ya mchanganyiko yaliyojengwa vizuri nguzo huachwa na nafasi ambayo mdogo anapenya na mkubwa hapenyi, chakula huwekwa sehemu nyingi ili asiwepo wa kukilinda, na usiku kila mmoja ana chumba chake, kama wapangaji wa nyumba moja wanaokutana uani mchana. Pundamilia dume, ambaye mgeni humwona kama punda aliyepakwa rangi, ni miongoni mwa wanaosumbua kuliko wote: ana tabia ya kushambulia ndama wachanga wa wenzake, kwa hiyo swala akikaribia kuzaa, mmoja wao lazima ahamishwe.

Upande wa pili kabisa kuna Koshien, Japani. Bustani iliyokuwa hapo, jijini Nishinomiya, ilimlea chui dume Kaneo na simba jike Sonoko hadi wakazaa: watoto wawili mwaka 1959 na wengine watatu mwaka 1961. Watu walijaa kuwatazama hao nusu chui nusu simba. Uzao ukaishia hapo. Wa mwisho alikufa mwaka 1985, bila mahali popote duniani ambapo angeweza kurudishwa, kwa sababu hakuna pori lenye mnyama kama yeye.

Mtetezi wa jozi za ajabu atakwambia hata porini hutokea, na ana haki. Julai 2017, Ndutu, mgeni wa kambi ya watalii alimpiga picha simba jike mwenye umri wa miaka mitano, Nosikitok, akimnyonyesha mtoto wa chui. Alikuwa ametoka kuzaa wiki chache tu nyuma, mwili umejaa homoni za uzazi, na kitoto kile kililingana kimo na wanawe. Samburu nchini Kenya, kuanzia Desemba 2001, simba jike aliyepewa jina Kamunyak alichukua ndama wa choroa na kumlinda kama wake. Hakuweza kumnyonyesha wala kumwacha akawinde, akadhoofu kwa njaa, na baada ya kama wiki mbili simba mwingine akamuua ndama. Alikuja kuchukua wengine tena. Porini mambo haya hutokea kwa nadra, kwa mnyama mmoja mwenye sababu zake, na huweza kuvunjika wakati wowote kwa sababu hakuna aliyefunga geti.

Hapa Dar, asiye na nauli ya Mikumi humngoja simba Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kwenye foleni ya banda la Maliasili, au huvuka Kigamboni na watoto siku ya sikukuu. Watu wa mji huu wanapenda wanyama na wanapenda kupiga picha nao. Kivutio cha jozi ni rahisi kuigwa kuliko kujenga uwanja wa tembo: mtoto wa mnyama mmoja, mbwa wa mtaani, chupa ya maziwa na ukurasa wa Instagram vinatosha kuanzia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mfugaji wa wanyamapori awe na kibali, ila kibali hakitakwambia ukiwa getini kama ulichokilipia ni cha mtindo wa Haller Park au wa Sriracha.

Mhudumu atakwambia, ukimuuliza kwa heshima na bila kumrekodi. Usianze na kama wanapendana, atakujibu ndiyo. Muulize usiku wanalala wapi. Muulize mdogo akitishwa anakimbilia wapi, na umwombe akuoneshe kwa kidole. Muulize kama mbwa ana kadi ya chanjo. Kisha muulize wale watoto wa mwaka jana waliokuwa kwenye bango la tangazo wako wapi sasa. Mtoto wa simba anafaa kubebwa kwa picha miezi michache tu ya mwanzo. Bustani yenye mtoto mpya wa kubebwa kila msimu ina simba wakubwa mahali fulani, na inapaswa kuweza kukuonesha zizi lao.